Mwendo wa Sauti ya Victoire

Zacharie alishuka Butembo na kaseti moja aliyoifunga ndani ya soksi ya sufu. Hakupitia nyumbani kwa binti yake. Alimwambia mwenye pikipiki ampandishe moja kwa moja kwenye kilima, ambako redio ya kanisa ina ofisi zake, na alipofika alisimama mlangoni akihema, akabisha hodi kama mgeni.

Binti yake, Kaswera, alikuwa ndani, amejiinamia juu ya mashine ya kaseti iliyofunguliwa mfuniko. Alisoma elektroniki hapo hapo mjini, na kwa miaka kadhaa sasa redio ilikuwa imempa kazi moja: kuchukua kaseti za zamani, za mahubiri, za kwaya, za matangazo ya ndoa na ya misiba, na kuzihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza. Watu walidhani kazi yake ni kubonyeza kitufe na kusubiri. Kumbe sehemu kubwa ya siku yake ilikwenda katika kupima. Kila asubuhi, kabla ya kaseti ya mtu yeyote, aliingiza kaseti ya kupimia, ambayo haina neno wala wimbo, ina mluzi mmoja tu usiobadilika. Kwenye kompyuta mluzi ule unaonekana kama mstari. Mashine ikizunguka sawasawa, mstari unanyooka. Mota ikichoka, mstari unashuka. Mpira wa kuvuta utepe ukiwa mgumu, mstari unatetemeka kama mkono wa mzee. Mashine isiyopimwa, alipenda kusema, inakudanganya, na wewe hutajua.

"Papa! Kuko nini? Mbona hukupiga simu?"

"Hakuna mubaya, mama." Zacharie alimwita binti yake hivyo tangu utotoni. Aliketi, akatoa soksi, akavuta kaseti. Juu yake kulikuwa na maandishi ya wino mwekundu uliofifia: *Répétition, Mangina, 1989*, yaani mazoezi ya kwaya.

"Hii ni maandiko yangu," alisema. "Mwinjilisti Éliakim aliipata ndani ya sanduku ya kwaya, akanitumia na mutu wa kakao. Mama yako iko ndani, ni yeye aliimba solo."

Kaswera aliiweka ile kaseti mezani na kuondoa mkono wake haraka, kana kwamba ingemuunguza.

Mama yake, Victoire, alifariki Mangina mwezi wa nane mwaka wa 2018, katika wiki zile za kwanza za Ebola, wakati watu walikuwa bado wanabishana kama ugonjwa upo au haupo. Kaswera alikuwa Butembo. Walimkataza kuja. Zacharie mwenyewe aliruhusiwa kusimama nyuma ya kamba, mbali kidogo na kaburi, akiangalia watu waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni wakimteremsha mke wake. Siku zile za mwisho Victoire alikuwa nyuma ya plastiki ya kituo cha wagonjwa. Aliinua mkono tu, hakuweza kusema. Mwaka uliofuata risasi zilifika Mangina, na Zacharie akahamia Beni na mfuko wa nguo. Picha za Victoire zilikuwepo, tena nyingi. Sauti haikuwepo popote. Kaswera alikuwa ameitafuta katika simu zake zote za zamani, hata ile iliyopasuka kioo, akapata kikohozi cha sekunde mbili ambacho huenda kilikuwa cha jirani.

"Umeshaisikiliza?" aliuliza.

"Nilisikiliza Beni, kwa redio ya jirani." Zacharie alitazama sakafu. "Ilikuwa kama batu banaimba ndani ya gunia. Na yeye hakukuwa. Mutoto ndiye aliimba. Donc nikasema, Kaswera ndiye anajua hizi vitu."

Kaswera alianza kwa kuvunja vijino viwili vya juu ya kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Akaichunguza. Alikuta utepe umejikunja mahali pamoja, na kile kitambaa kidogo kinachousukuma kwenye kichwa cha kusomea kilikuwa kimebanduka. Akauhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine tupu, nalo halina vijino. Kisha akapima mashine upya, ingawa alikuwa ameshaipima asubuhi. Mstari ulinyooka. Akabonyeza.

Ilikuwa kweli: gunia. Sauti nzito, zisizo na ncha, kama watu walio chumba cha tatu.

"Hii najua," alisema. Alichukua bisibisi nyembamba. "Kichwa cha ile radio-cassette ulirekodi nayo kilikuwa kimelala upande kidogo. Cha kwangu kimesimama sawa. Basi havisomani. Nikilaza changu vile vile, itafunguka."

Alizungusha skrubu, nusu ya nusu ya duara, jicho lake kwenye kompyuta. Juu ya skrini, sehemu ya sauti nyembamba ilikuwa nyeusi tupu. Polepole ikaanza kuwaka. Na kwenye spika, chumba kikafunguka. Kulikuwa na viatu kwenye saruji. Kulikuwa na benchi linaburutwa, mtu anakohoa, mwanamume anacheka kwa sauti ya chini. Kisha kitu cha chuma kikalia nje, mara tatu, na kwaya ikaanza.

Zacharie alikuwa amesimama bila kujijua.

Waliimba nyimbo nne. Baada yake kulikuwa na wimbo wa tano, ambao sauti moja ya mwanamke iliuanza peke yake, ubeti mzima, kabla ya wengine kuingia. Kaswera alimtazama baba yake. Hakujua atazame nini kingine. Yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa bado mwaka ule. Sauti ya mama aliyoijua ilikuwa ya mwanamke mzima aliyemwita kutoka shambani, siyo ya msichana huyu.

Zacharie aliketi taratibu.

"Huyu hapana Victoire," alisema.

"Papa, ni yeye aliimba solo. Wewe mwenyewe umesema."

"Ni yeye aliimba. Nilikuwa pale, nilishika redio kwa magoti. Mais ile sauti hapana yake. Iko mutoto. Angalia mashini yako."

Kaswera alirudisha kaseti ya kupimia mbele ya macho ya baba yake. Mstari ulikuwa umenyooka kama kamba ya fundi mwashi. Alijaribu mashine ya pili, ile ya akiba. Vilevile.

"Mashine inasema kweli," alimwambia. "Kaseti ndiyo haikuandikwa kweli. Redio yako ilikuwa inazunguka polepole siku ile. Ukirekodi polepole, halafu ukasikiliza kwa mwendo wa kawaida, kila kitu kinakimbia, na sauti zinapanda. Watu wazima wanakuwa watoto."

"Basi punguza mwendo."

"Nipunguze mpaka wapi? Sijui ilikuwa polepole kiasi gani."

Jioni ile, nyumbani kwa Kaswera, walikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na Zacharie alikula kidogo sana. Alikuwa mwanamume mkubwa, mwenye mikono ya mlimaji wa kakao, na tangu alipohamia Beni alikuwa amezoea kukaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Alipomaliza kunawa alisema, bila kumtazama binti yake:

"Pengine kaseti haina kosa. Pengine ni mimi."

"Namna gani?"

"Mwanzo, akisha kufa, nilikuwa namusikia kila siku. Ndani ya nyumba, ndani ya shamba. Namusikia ananiita. Halafu ikakuwa mara moja kwa wiki. Sasa, Kaswera, nafunga macho, naona uso, naona kitambaa yake ya kichwa, naona hata jino yake yenye ilikatika. Kinywa inafunguka. Hakuna kitu inatoka." Alikunja taulo, akaikunjua. "Labda ile sauti ni yake, na mimi nimeisahau. Hiyo ndiyo ninaogopa."

Kaswera aliinuka. Alitoa vyombo, akasimama jikoni akisikiliza maji ya bomba.

Asubuhi, ofisini, na baba yake pembeni, alirudi kwenye mwanzo wa kaseti. Alirudia ile sehemu ya kabla ya wimbo mara nyingi: viatu, benchi, kikohozi, chuma. Kwenye kompyuta mlio wa chuma ulikuwa mistari mitatu myembamba, mmoja chini na miwili juu yake, iliyokaa wazi kabisa kuliko kitu chochote kingine katika kaseti.

"Papa, hii ni nini inalia?"

"Ile? Jante."

"Jante ya nini?"

"Ya camion. Kanisa haikukuwa na kengele. Mufanyabiashara mumoja alitoa jante ya lori, ile chuma ya ndani ya gurudumu, wakaitundika inje. Wanagonga batu banakuja."

"Ingali pale?"

Zacharie alifikiri. "Mangina, mama, mi sijuwe nini ingali pale."

Kaswera alipomweleza sababu ya kuuliza, Zacharie alielewa mara moja. Mtu anazeeka na sauti yake inabadilika. Kwaya inapanda na kushuka bila kujua. Lakini chuma, kama hakijapasuka, kinalia leo kama kilivyolia mwaka ule. Kaswera akipima jante yenyewe na kulinganisha na jante ya kwenye kaseti, atajua redio ilikuwa imechelewa kiasi gani.

"Tuende pamoja," alisema Kaswera.

"Hapana."

"Papa, tangu uondoke hujarudi."

"Nimesema hapana. Nitafika na wewe Beni. Kule, enda wewe."

Walisafiri pamoja hadi Beni, na kesho yake, baada ya kuuliza watu wa pikipiki kama barabara iko salama, Kaswera akaendelea peke yake upande wa magharibi. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na pande zote mbili kakao ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai, harufu yake chungu ikimfuata. Kulikuwa na askari kwenye vizuizi. Kulikuwa na nyumba zilizochomwa ambazo magugu yalikuwa yameshaingia kupitia madirisha, na karibu yake nyumba mpya za mabati yanayong'aa. Alikuwa amekulia hapa. Aliyatambua makutano, na hakumtambua hata mtu mmoja.

Éliakim alimngoja mbele ya kanisa. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti kubwa, na alimshika mikono yote miwili.

"Mutoto wa Victoire," alisema. "Unatembea sawa yeye. Karibu, mama. Wasingya, aksanti kwa kuja."

Kanisa lilikuwa na paa jipya na ukuta mmoja uliotobolewa na risasi kisha ukapakwa chokaa. Jante ilikuwa inaning'inia kwenye nguzo mbili za miti, imeshika kutu, mdomo wake umeng'arishwa na miaka ya kugongwa.

"Ni ile ile ya zamani?"

"Kila kitu walibadilisha, hata mchungaji," alisema Éliakim. "Ile nani atabeba?"

Kaswera aliizunguka akiipapasa kwa kidole, akitafuta ufa. Hakuupata. Alifungua mashine yake ndogo ya kurekodi, mpya, isiyo na utepe, ambayo mwendo wake hauna mashaka, akamwomba mzee agonge. Éliakim alichukua kipande cha chuma na kugonga mara tatu kama alivyozoea. Wanawake wawili barabarani waligeuka kutazama, wakishangaa ni ibada gani siku ya kazi. Kaswera alimwomba agonge tena, kwa nguvu, kisha taratibu, kisha upande wa pili. Ukigonga hivi au vile, mlio unakuwa mkali au mpole, lakini mistari inabaki mahali pake.

Aliketi kwenye ngazi ya kanisa na kompyuta magotini. Mistari mitatu. Aliiweka pembeni ya mistari mitatu ya kwenye kaseti. Ile ya kaseti ilikuwa juu, yote mitatu, na kila mmoja ulikuwa umepanda kwa kiasi kile kile: saba kwa mia na kidogo. Jante nyingine isingeweza kufanya hivyo. Ilikuwa ile ile, na redio ya baba yake ilikuwa imechelewa kwa saba kwa mia na kidogo wakati Éliakim, akiwa kijana, alipogonga.

"Ni mimi niligonga," mzee alithibitisha. "Na ile basse, ile sauti ya chini unasikia ndani, ni mimi. Zacharie hakukuwa mwimbaji. Alikuwa anakuja na ile redio yake juu ya mabega, anasema anatusaidia kujisikiliza. Mais sisi bote tulijua alikuja kusikiliza nani." Akacheka. "Masikini. Hata mapile mapya, betri za redio, hakuwa nayo. Aliyaanika kwa jua kwanza, juu ya mabati, ndiyo yapate nguvu kidogo. Yakifika wimbo ya mwisho yanakufa."

Kaswera aliacha kuandika. "Yanakufa polepole?"

"Polepole sawa mutu analala."

Basi jambo lilikuwa baya kuliko alivyodhani. Jante ilimpa mwendo wa mwanzo wa kaseti peke yake. Kadiri mapile yalivyochoka, redio ilizidi kupunguza mwendo, na wimbo wa Victoire ulikuwa wa mwisho.

Kabla hajaondoka aliomba aonyeshwe kaburi. Éliakim alimpeleka hadi kwenye safu za misalaba yenye namba, akamwachia nafasi. Kaswera alikuwa ameandaa maneno tangu mwaka ule wa 2018. Alisimama pale, akamwambia mama yake kwamba barabara ilikuwa nzuri, kwamba Papa anakula, kwamba mwenyewe bado hajaolewa. Kisha akasikiliza, kwa mazoea ya kazi yake, kama mtu anayengoja utepe uanze kuzunguka. Panzi walilia kwenye majani. Akarudi Beni kabla mvua haijaanza, akamchukua baba yake, wakapanda tena Butembo.

Mashine ya redio ilikuwa na kifungo cha kubadilisha mwendo na dirisha dogo linaloonyesha namba. Kaswera alikizungusha hadi kiasi alichokipata Mangina, akarudisha kaseti mwanzo.

Chumba kilijaa watu wazima. Yule mwanamume anayecheka akawa na kifua. Jante ikalia, na Zacharie akasema, "Ndiyo. Ndiyo hiyo." Kwaya ilipoingia alinyosha kidole kwenye spika: "Éliakim! Unamusikia? Éliakim huyo!" Kwa nyimbo mbili uso wake ulikuwa wa kijana. Wimbo wa tatu ulipoanza akakunja uso, na kwenye wa nne akatikisa kichwa.

"Wanaanza kukimbia tena."

"Ni mapile, Papa. Mzee Éliakim amenieleza."

"Na ya tano?"

"Ya tano sina kitu cha kulinganisha nacho. Hakuna jante pale, hakuna kinanda, wala mvumo wa umeme. Nimetafuta sehemu yote." Alijikuna shingoni. "Kuna kipimo kimoja tu kimebaki."

"Kipi?"

"Wewe."

Zacharie alijivuta nyuma kwenye kiti. "Nilikwambia. Nimesahau."

"Ndiyo nataka tuone."

Alichukua kitambaa na kufunika dirisha la namba. Aligeuza kiti cha baba yake kielekee ukutani, akamvisha kaske ya kusikilizia masikioni.

"Funga macho. Mimi nitazungusha kifungo. Mara nyingine nitaanza juu, mara nyingine chini. Usinifikirie mimi. Ukisikia ni yeye, inua mkono. Kama hausikii, usiinue."

"Unapima mashini tena?"

"Hapana, Papa. Leo napima wewe."

Alianza juu sana, sauti ya mtoto, akateremsha pole pole. Zacharie aliweka viganja kwenye magoti. Kaswera alizungusha, akazungusha. Mkono ulipanda ghafla. Alichungulia chini ya kitambaa, akaandika namba kwenye karatasi, akaharibu mwendo wote. Mara ya pili alianza chini, sauti nzito kama ya mwanamume aliyelewa, akapandisha. Mkono ulichelewa. Kisha ukapanda. Akachungulia. Akaandika. Akaanza tena katikati, akapanda kwanza, akashuka, akapita pale pale bila kusimama ili amtege. Mkono ulinyanyuka kidogo mwendo ulipopita pale, ukashuka; Kaswera akarudi nyuma, ukanyanyuka tena. Alimfanyia hivyo mpaka mzee akachoka na kusema, "Basi, mama, sikio inawaka."

Kaswera alitazama karatasi. Alikuwa amefundishwa kwamba kipimo kinachosema jambo moja leo na jingine kesho hakifai, na kwamba kizuri hurudi mahali pale pale hata ukikishtukiza. Namba za baba yake zilikuwa zimebanana. Kati ya ya juu na ya chini hapakuwa na tofauti ambayo mtu angeweza kuisikia.

Alivaa kaske mwenyewe, akafumba macho, akajaribu kufanya vile vile. Alizungusha mpaka msichana yule akasikika vizuri, akasimama, akachungulia. Akaanza upya, akasimama, akachungulia. Alisimama kila mara mahali tofauti. Mahali pote msichana alisikika vizuri kwake. Angeweza kuwa mtu yeyote mwenye sauti nzuri. Alivua kaske na kukaa nayo mkononi, na akajikuta na jambo asilolitegemea: wivu.

"Nini?" aliuliza Zacharie, ameshageuka. "Nimeshindwa?"

"Hapana." Alimpa karatasi. "Ona. Hizi ni zako. Kila mara nimekuchanganya, na kila mara umerudi pale. Mtu aliyesahau hafanyi hivi. Hawezi. Mimi nimejaribu, nimepotea. Uko nayo, Papa. Sauti yake yote uko nayo ndani, hata kama hausikii."

Zacharie alishika karatasi mbali na macho, kwa vile hakuja na miwani, akaisoma namba moja baada ya nyingine, midomo ikisogea. Kisha akaikunja na kuiweka kwenye mfuko wa shati. Akafuta uso kwa kiganja chote, kutoka paji hadi kidevu.

"Weka," alisema. "Kwa sauti. Hapana kwa hii kitu ya masikio. Sikia na wewe."

Kaswera aliondoa kitambaa, akaweka mwendo pale baba yake alipouweka, akabonyeza.

Msichana aliyeanza kuimba hakuwa mtoto. Alikuwa na sauti ya katikati, kavu kidogo ukingoni, isiyo na haraka, na alivuta neno la mwisho la kila mstari kama mtu asiyetaka kuachia mkono wa mwenzake. Zacharie alikuwa ameinamisha kichwa. Ubeti ukaisha, kwaya ikaingia, na mtu mmoja katika safu ya nyuma akaingia vibaya, mapema mno. Wimbo ukakatika. Mara mbili tatu siku zile Kaswera alikuwa amesikia sehemu hii ikipita katika ule mlio wa watoto, hakuijali.

Sasa mwanamke kwenye kaseti alifyonya. Mfyonyo mrefu, wenye pembe.

"Mais nyinyi, muko nalala?" alisema. "Nani anawafukuza? Tunaanza tena. Na wewe Éliakim, acha kucheka, nakuona."

Kaswera alishika meza. Mfyonyo ule! Aliufahamu kutoka mlangoni, kutoka jikoni, kutoka kwenye shamba la maharage alipokuwa amekanyaga mche. *Uko nalala? Nani anakufukuza?* Aliusikia maisha yake yote ya utoto na hakuwahi kufikiria kwamba ni kitu cha kutunza. Alicheka kwa nguvu, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na baba yake, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia, alimvuta kichwa akakiweka begani kwake.

"Hivyo ndivyo aliniita mwanzo," alisema Zacharie. "Nilikuwa naziba mulango. Akaniambia, wewe wa redio, uko nalala?"

Kwaya ilianza tena, ikafika katikati, na pale mapile yakafa kabisa. Sauti zote zilipanda, zikawa ndege, zikaisha.

Walibaki wawili katika chumba kile, wakisikiliza utepe mtupu ukizunguka, na hakuna aliyetaka kuinuka kuuzima.

Zacharie alirudi Beni na nyimbo zote katika simu yake. Kwa wiki kadhaa hakuzitaja. Kaswera alipompigia, waliongea habari za mvua na bei ya kakao. Kisha siku moja ya Jumapili, mchana, simu ya baba yake ikaingia, na badala ya salamu akasikia kelele za watu.

"Papa? Uko wapi?"

"Mangina."

"Mangina! Na nani?"

"Nimekuja asubuhi. Niliona mama yako kwanza, halafu nikafika kwa Éliakim. Bale ba kwaya wenye bangali ni batatu tu. Niko nabasikilizisha." Nyuma yake wanawake wawili walikuwa wanagombana, kila mmoja akimsingizia mwenzake kuwa ndiye aliyeingia vibaya, na Éliakim anacheka kwa ile sauti yake ya chini. "Hawataki kukubali ni nani alikosea. Ngoja, sikia, wanarudisha mwanzo."

Kwa mbali, katika simu ndani ya simu, Victoire alianza kuimba. Mtandao ulimkata, ukamrudisha, ukamkata. Kaswera aliziba sikio la pili kwa kidole. Alikuwa na kaseti yenyewe kwenye kabati nyuma yake, na sauti safi kwenye kompyuta mbele yake, lakini hakuzigusa. Ubeti ulifika katikati, na simu ikanyamaza. Alibaki nayo sikioni, akingoja mtandao urudi.